Ukurasa Mmoja kwa Jioni Moja: Jinsi ya Kuwashika Mkono Watafiti wa Historia

Jioni moja mwenzetu aliyekuwa katika mwaka wa tatu wa uzamivu alituletea picha ya ukurasa mmoja wa daftari la mahakama. Alikuwa ameishi na ukurasa huo kwa zaidi ya mwaka mzima, ameunukuu katika sura ya pili ya tasnifu yake, na hoja yake yote ilisimama juu ya mstari mmoja: jina la mwanamke aliyefungua shauri limekatwa kwa kalamu, na juu yake limeandikwa jina la kaka yake. Yeye aliamini kwamba karani alikosea akajisahihisha papo hapo. Tulikuwa watu saba mezani. Mtu wa nne kuiangalia picha ile, ambaye utafiti wake ni wa vitabu vya hesabu za wafanyabiashara na hauna uhusiano wowote na mahakama, aliikuza kwenye kioo cha kompyuta, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini mstari wa kukatia una rangi ya kahawia ilhali maandishi mengine yote ya ukurasa ni meusi. Tukaangalia tena. Jina la kaka nalo lilikuwa la kahawia.

Picha peke yake haitoshi kuamua jambo la namna hiyo, maana mwanga na kamera hubadili rangi, kwa hiyo mwenzetu alirudi kwenye hifadhi ya nyaraka na kuomba kuliona daftari lenyewe karibu na dirisha. Mhifadhi aliliangalia pamoja naye na kukubali kwamba wino ni wa aina mbili. Kumbe jina la yule mwanamke halikukatwa siku ya shauri. Lilikatwa baadaye, na mtu aliyelirudia daftari akiwa na kalamu nyingine na sababu nyingine. Sura ya pili ilibidi iandikwe upya kuanzia aya ya kwanza, nayo ndiyo iliyokuja kuwa sura yenye nguvu kuliko zote katika tasnifu ile.

Nimekuwa nikiandaa vikao vya watafiti wa historia wa ngazi ya uzamili na uzamivu kwa miaka kadhaa sasa, kwanza nikiwa mwanafunzi kama wao na baadaye nikiwa nimekwisha kutetea tasnifu yangu, na swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: jumuiya ya namna hii husaidiwaje? Wengi huanza na mihadhara ya namna ya kuomba fedha, namna ya kupanga muda, namna ya kujiandaa kukabili watahini. Mihadhara hiyo ina nafasi yake, na mimi mwenyewe nilifaidika nayo. Lakini nimeona vikundi vilivyotegemea mihadhara pekee vikipoteza watu ndani ya mwaka mmoja, huku kikundi kinachokaa kuuzunguka ukurasa mmoja wa ushahidi kikidumu, kwa sababu mtu hurudi mahali ambapo kazi yake halisi imeshikwa na mikono ya wenzake.

Mtafiti wa historia ni mpweke kwa namna ambayo mwenzake wa maabara si mpweke. Maabara ina meza ya pamoja, vifaa vya pamoja, na mtu wa kuuliza aliyesimama hatua mbili kutoka ulipo, hata kama kazi ni ngumu na msimamizi ni mkali. Mwanahistoria hufunga safari peke yake, hujaza fomu, huletewa jalada ambalo pengine halijafunguliwa kwa miongo mingi, na kuanzia dakika hiyo huenda akawa ndiye mtu pekee aliye hai anayejua lina nini ndani. Msimamizi wake hajaliona, na watahini wake huenda wasilione kamwe. Akiisoma tarehe vibaya, akikichukua cheo cha mtu kuwa jina lake, akidhani ameshika barua kumbe ameshika rasimu ambayo haikutumwa, kosa hilo litaingia katika tanbihi, na kutoka katika tanbihi litahamia katika vitabu vya watu wengine. Kwa hiyo ninapozungumzia upweke sizungumzii huzuni ya mtafiti tu; nazungumzia pia usahihi wa elimu tunayoitoa.

Huzuni nayo ipo, tena si haba. Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha matokeo ya dodoso lililojazwa na watu 2,279, wengi wao wakiwa wanafunzi wa uzamivu, kutoka nchi 26. Asilimia 41 walionyesha dalili za wasiwasi za kiwango cha kati hadi kikali, na asilimia 39 walionyesha dalili za sonona za kiwango hicho hicho. Waliojaza dodoso walijitokeza wenyewe, na mwanahistoria aliyefunzwa kuuliza ni nani aliyeandika na ni nani aliyenyamaza atazichukua takwimu hizo kwa tahadhari. Hata hivyo zinakubaliana na niliyoyaona kwa macho yangu: watu wenye akili kali na moyo wa kazi, wanaofika mahali wasiweze tena kufungua faili la sura waliyoianza, kwa sababu miezi minane imepita bila mtu yeyote kuwauliza wameona nini.

Jambo ambalo huwa napenda kuwakumbusha wenzangu ni kwamba taaluma yetu iliujua ugonjwa huu zamani na ikautengenezea dawa. Leopold von Ranke, mwanahistoria Mjerumani aliyeanza kufundisha Berlin mwaka 1825, aliwakusanya wanafunzi wachache nyumbani kwake katika miaka ya 1830, mbali na ukumbi wa mihadhara, wakazisoma pamoja hati za zama za kati na kuzihoji sentensi kwa sentensi, na kila mmoja aliileta kazi yake mbele ya wengine. Mikutano ya namna hiyo ndiyo iliyoipa historia semina yake, nao wanafunzi waliokaa hapo walikwenda kuanzisha mikutano kama hiyo katika miji mingine. Mwaka 1921, A. F. Pollard alipoanzisha Taasisi ya Utafiti wa Historia katika Chuo Kikuu cha London, aliiona kama maabara ya wanahistoria, na semina zikawekwa katikati ya vitabu vya nyaraka zilizochapishwa, ili swali likizuka mtu anyooshe mkono achukue kitabu na jibu litafutwe papo hapo. Ninaipenda sana picha hiyo ya mkono unaonyooshwa kuelekea rafuni. Baadaye, katika vyuo vingi, semina ikageuka kuwa mahali ambapo mgeni husoma makala iliyokamilika na wasikilizaji huuliza maswali matatu kwa adabu, kisha kila mtu akaenda zake. Mwanafunzi aliyekwama hapati chochote hapo, kwa kuwa alichonacho si makala bali ni ukurasa asiouelewa.

Kikao chetu hufanyika mara mbili kwa mwezi, kwa saa moja na nusu, na kiini chake ni ukurasa mmoja tu. Mwenye zamu hutuma picha ya hati siku tatu kabla, pamoja na maandishi yake ya kile anachodhani kimeandikwa humo, na kama hati iko katika lugha ambayo wengine hawaijui, huongeza tafsiri. Haleti hoja. Kwa dakika ishirini za kwanza haruhusiwi kueleza kwa nini ukurasa huo ni muhimu kwake. Hukaa kimya na kuandika yale ambayo wengine wanayaona. Kanuni hiyo ilitugharimu mabishano marefu kabla ya kukubaliwa, maana mtafiti anapokuwa amekaa na jambo kwa miaka miwili hutamani kulieleza, na kumnyamazisha kunaonekana kama ukatili. Lakini akieleza kwanza, sote tunaona anachokiona yeye. Akinyamaza, mtu wa hesabu anaona wino, mtu wa historia ya dini anatambua kwamba tarehe iliyoandikwa ni sikukuu ambayo ofisi hazifunguliwi, na mtu anayetafiti maisha ya wafanyakazi wa nyumbani anauliza ni nani aliyeipeleka barua hiyo kwa miguu, kwa kuwa haina stempu.

Rasimu za sura tunazisoma pia, kwa kikao cha peke yake, nasi tumeweka mpaka wa kurasa kumi na tano. Mtu anayeleta kurasa sitini husomwa kwa haraka, na kusomwa kwa haraka ni karibu sawa na kutosomwa. Tunamwomba mwandishi aandike juu ya rasimu swali moja analotaka lijibiwe, mathalani kama mpangilio wa matukio unaeleweka au kama ushahidi unabeba uzito wa dai lake, na tunaanza na swali hilo kabla ya kugusa jambo lingine lolote.

Hofu ya kuibiwa ndiyo inayowazuia wengi kufungua majalada yao mbele ya wenzao, na kwa maoni yangu hofu hiyo haifai kupuuzwa. Mtu ametumia akiba yake yote kufika kwenye nyaraka fulani. Leo akizionyesha, kesho anaweza kuzikuta katika makala ya mwingine. Nimeshuhudia jambo hilo likitokea mara moja, katika kikundi ambacho sitakitaja, na kikundi hicho hakikupona. Sisi tuliandika makubaliano ya nusu ukurasa ambayo kila anayejiunga huyasoma kwa sauti: hati iliyoletwa kikaoni ni ya aliyeileta mpaka atakapoichapisha, anayetaka kuitaja huomba ruhusa kwa maandishi, na wazo lililopatikana mezani hushukuriwa kwa jina la aliyelitoa. Yule mwenzetu aliyeuona wino ametajwa katika tanbihi ya sura ya pili, na nilipoisoma tanbihi hiyo katika tasnifu iliyofungwa jalada nilifurahi kana kwamba ni jina langu.

Upande wa mahojiano una uzito zaidi, kwa sababu aliyesimulia hakuja kukaa mezani na sisi. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu mapokeo ya simulizi, aliwaonyesha wanahistoria kwamba neno la mdomo linaweza kupimwa na kuhojiwa kama hati, na tangu hapo wanafunzi wengi wamejenga tasnifu zao juu ya sauti za watu walio hai. Sauti hizo haziletwi kikaoni mpaka mtafiti athibitishe kwamba ridhaa aliyopewa na msimulizi inaruhusu wengine kusikia, na mara nyingi tunasoma maandishi yaliyoondolewa majina badala ya kusikiliza sauti yenyewe. Tumewahi kuahirisha kikao kizima kwa sababu hiyo. Yule bibi aliyekuwa amehojiwa alikuwa amekubali kuzungumza na mjukuu wa rafiki yake, na hakuwa ameambiwa kuhusu watu saba wengine; mtafiti alimrudia, akamweleza, naye akakataa. Tukaiacha sauti yake mahali pake.

Kikundi chetu kiliwahi kufa, na kifo chenyewe kinafaa kuelezwa. Aliyekiongoza kabla yangu alikuwa na juhudi isiyo ya kawaida: yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba, orodha ya majina, ratiba, na hata kumbukumbu ya nani anaogopa kuzungumza na anahitaji kutiwa moyo. Alipomaliza na kupata kazi mbali, vyote hivyo viliondoka naye, na kwa miezi saba hapakuwa na kikao. Jumuiya ya watafiti wa uzamivu haifanani na kijiji ambacho wazee hubaki. Kila baada ya miaka mitatu au minne watu wake wote wamebadilika. Tulipoanza upya tuliamua kwamba waratibu watakuwa wawili, mmoja wa mwaka wa kwanza na mmoja wa mwaka wa tatu, ili anapoondoka mkubwa awepo anayejua ufunguo uko wapi. Tuliamua pia kwamba kila kikao kiwe na mwandishi wa kumbukumbu, na daftari la kumbukumbu hizo ndilo kitu cha kwanza anachokabidhiwa mgeni. Ni ajabu kwamba watu ambao kazi yao ni kutegemea kumbukumbu za wengine huwa wazembe sana katika kuandika za kwao.

Idara inayotaka kusaidia haihitaji kutuandalia mambo makubwa. Inahitaji kutupa chumba kilekile, siku ileile, kisichochukuliwa dakika ya mwisho na kamati, na kiasi cha fedha za safari kinachoweza kuombwa kwa fomu fupi na kujibiwa ndani ya wiki mbili. Fedha ndogo zinazofika kwa wakati humsaidia mtafiti kuliko ruzuku kubwa inayosubiriwa mwaka mzima, kwa maana mara nyingi kinachomkwamisha ni siku nne zaidi kwenye hifadhi ya nyaraka, baada ya kugundua siku ya mwisho kwamba kuna sanduku ambalo halikuwamo katika fahirisi. Inafaa pia wahifadhi wa nyaraka waalikwe kama wenzetu. Kenneth Onwuka Dike, aliyemaliza uzamivu wake London mwaka 1950 na kurudi kufundisha Ibadan, alielewa kwamba kizazi cha watafiti hakiwezi kukua pasipo nyaraka zilizotunzwa, naye akasimamia kuundwa kwa hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Nigeria huku akiwafundisha wanafunzi wake kuyaheshimu mapokeo ya simulizi kama ushahidi. Kikao chetu chenye manufaa makubwa mwaka uliopita kiliongozwa na mhifadhi aliyetueleza jinsi majalada yanavyopewa namba, yanavyohamishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na yapi huteketezwa kwa kufuata ratiba. Baada ya siku hiyo wawili kati yetu waliacha kutafuta majalada ambayo hayapo tena duniani.

Kuna msaada mwingine wa kawaida kabisa ambao hakuna anayeufundisha. Mtafiti wa leo hurudi nyumbani na picha elfu nne katika simu yake, zote zikiwa na majina ya namba, na baada ya miezi sita hajui ipi ilitoka katika jalada lipi. Tunampokea kila mwanachama mpya kwa alasiri moja ya kupanga picha, kwa kutumia Tropy, programu ya bure iliyotengenezwa na kituo cha historia na teknolojia mpya cha Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, ambacho pia ndicho kilichotoa Zotero mwaka 2006 kwa ajili ya kutunza marejeo. Tunamsisitizia jambo moja: picha ya kwanza ya kila jalada iwe ya jalada lenyewe, namba yake ikisomeka. Alasiri hiyo moja imeokoa miezi ya watu.

Wasimamizi mara nyingine huona kikundi cha namna hii kama mshindani wao, na ninaelewa chanzo cha hisia hiyo, ila naamini wamekosea. Msimamizi ni mmoja na ana wanafunzi wengi. Hawezi kuwa msomaji pekee wa mtu kwa miaka minne. Anachoweza ni kuwa msomaji asiyechoka. Mwanahistoria Mfaransa Fernand Braudel alitekwa vitani mwaka 1940 na kushikiliwa na Wajerumani hadi 1945, kwanza Mainz kisha Lübeck, na humo kambini, bila maandishi yake ya utafiti, aliandika sehemu kubwa ya tasnifu yake kuhusu Mediterania katika madaftari ya shule aliyoyatuma moja baada ya jingine kwa Lucien Febvre, mwanahistoria aliyekuwa mlezi wake kitaaluma. Aliitetea mwaka 1947. Huwa nafikiria zaidi upande wa Febvre katika kisa hicho: mtu aliyepokea madaftari, akayasoma, akayahifadhi, na hivyo akampa aliyefungwa sababu ya kuanza daftari linalofuata.

Wapo pia wasioweza kufika mezani: anayefanya kazi mchana kutwa na kuandika usiku, anayelea mtoto mchanga, anayeishi mbali na chuo alichosajiliwa. Ni rahisi kuwasahau, kwa kuwa hawalalamiki, hutoweka tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo cha Ruskin mjini Oxford, Raphael Samuel aliwahimiza wanafunzi waliotoka viwandani na migodini wafanye utafiti wa nyaraka wao wenyewe na kuuwasilisha mbele ya umati, na mikutano hiyo ya History Workshop ilionyesha kwamba mtu aliyeishi kazi fulani huona katika hati jambo ambalo msomi wa kudumu hupita bila kuliona. Ndiyo maana kila kikao cha pili tunakifanya kwa njia ya mtandao, saa tatu usiku watoto wakiwa wamelala, na mwaka huu mkunga mmoja anayesomea uzamili amekuwa akitusomea daftari la wodi la zamani, akitueleza alama ambazo sote tulizidhania kuwa makosa ya kalamu, kumbe zinahesabu saa za uchungu.

Zamu ya wiki ijayo ni ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ameniandikia leo asubuhi kwa wasiwasi kwamba hana ukurasa wa kuleta: barua aliyoifuata imepotea, na kilichobaki katika jalada ni bahasha tupu yenye anwani iliyokatwa mara mbili. Nimemjibu apige picha pande zote mbili za bahasha hiyo na kutuletea.